Bima ya Kochi Moja la Mtaa Mzima

Nchi ninayotaka kuisimulia ipo, tena inapendeza, ila jina lake silitaji. Siku hizi kulitaja hadharani kunahitaji kibali, na dirisha la vibali limefungwa kupisha sherehe za kulifungua. Basi tuiite nchi yetu, na msomaji akiona inafanana na anayoijua, hilo ni lake, mimi sikusema. Mimi ni mwandishi wa gazeti la serikali, safu ya Habari Njema. Mkiona mahali nimesikitika, mjue ni makosa ya uchapaji.

Serikali yetu inatupenda. Inatupenda kiasi kwamba hata tukijificha inatutafuta. Mwaka juzi Waziri wa Utulivu wa Majumbani alikaribishwa redioni, akakohoa kikohozi cha kiserikali, akasema:

"Ndugu wananchi! Barabara tumejenga, zipo kwenye ramani. Maji tumeleta, yapo njiani. Lakini najiuliza, na usingizi sipati: ni nani mwenye uchungu na kabati lako? Ni nani anayeihurumia sufuria yako? Hakuna! Kwa hiyo kuanzia leo kila nyumba itavikatia bima vyombo vyake vya ndani. Bima hii ni ya hiari. Asiyekuwa na hiari ataletewa na polisi."

Tulipiga makofi, kila mtu chumbani kwake.

Hapo likaundwa Shirika la Lala Unono. Mpango wake hata mtoto angeuelewa. Wewe unalipa ada kila mwezi, na siku vyombo vyako vikiungua au vikiibwa, Shirika linakulipa fidia. Sehemu ya kwanza ya mpango ilianza kutekelezwa siku ileile. Sehemu ya pili ikawekwa kwenye mchakato, na mchakato katika nchi yetu ni mahali pazuri, vitu vikifika huko havitaki kurudi.

*

Kwa kuwa serikali haipendi mwananchi alipe kitu asichokielewa, kila mtaa uliletewa semina ya Kuielewa Gharama. Mimi nilitumwa kuripoti ile ya Mtaa wa Mshikamano, mtaa wa nyumba za bati zilizobanana hata ukipiga chafya kwako, jirani anakuombea afya kwake.

Mwendesha semina alikuwa Bwana Kipepe, Mkadiriaji wa Lala Unono, kijana mwenye tai fupi na subira ndefu.

"Ada yenu," alieleza, "inategemea vyombo mlivyo navyo. Mwenye vingi analipa nyingi, maana ana vya kupoteza. Mwenye vichache anaongezewa kidogo, maana mwenye vichache huvitumia sana, na vinachakaa."

"Na mtaa nao unahesabika?" aliuliza Mzee Mbaruku, mjumbe wa mtaa.

"Sana, mzee wangu. Mtaa wenye wezi, ada inapanda, kwa sababu wezi wapo. Mtaa usio na wezi, ada inapanda vilevile, kwa sababu wezi bado hawajafika, na watakapofika watakuja na nguvu zao zote."

"Na mwenye kufuli?"

"Kufuli ni dalili kwamba ndani kuna kitu. Inapanda."

"Asiye na kufuli je?"

"Huyo mzembe. Inapanda."

Mwanamke aliyekaa mbele, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, akanyoosha mkono. Huyu ndiye Bi Siwema, fundi wa nguo wa mtaa ule. Mumewe alikwenda nchi ya pili kutafuta maisha, akayapata, kwa hiyo hakurudi. Siwema alibaki na watoto na cherehani ya miguu aliyoinunua kwa fedha za mchezo wa kuchangiana wa akina mama, na cherehani hiyo ndiyo iliyokuwa baba wa nyumba. Ilisomesha, ilipika, na mvua ikinyesha iliezeka.

"Samahani, bwana mkubwa," alisema Siwema. "Hakuna hata kimoja kinachopunguza?"

Bwana Kipepe alifikiri kwa haki kabisa.

"Kipo," alijibu. "Kutouliza. Anayeuliza anatuongezea gharama ya kumjibu."

Semina ikafungwa kwa sala, watu wakarudi nyumbani wameielewa gharama.

*

Sasa lazima niwaeleze desturi moja ya watu wa mtaa ule, maana bila hiyo hamtaelewa chochote.

Pale Mshikamano, mgeni akija, nyumba hupambwa kwa vitu vya jirani. Hakuna aibu ndani yake. Aibu ni mgeni kukalishwa juu ya ndoo. Vikombe vya maua vilikuwa vya Mzee Mbaruku, saa ya ukutani ilikuwa ya kinyozi, na kochi, kochi jekundu la mahameli lenye mikono mipana, lilikuwa la Bi Somoe, shoga yake Siwema, aliyekaa nyumba ya pili yake. Kochi hilo lilikwisha kukaliwa na wachumba wote wa mtaa, washenga wote, na mashehe na mapadri bila ubaguzi. Kila aliyelikalia aliambiwa ni la nyumba ile aliyoijia, na kila mwenye nyumba alilisema hilo bila kupepesa macho, kwa sababu siku ile lilikuwa lake kweli.

Basi ilipotangazwa kwamba Bwana Kipepe atapita nyumba kwa nyumba kukadiria vyombo, mtaa haukusikia neno kukadiria. Ulisikia neno atapita. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Wakafagia, wakachoma udi, wakaanza kuazimana.

Nilikuwapo, na nawaambieni, jeshi letu lingekuwa na mpango kama ule tusingepoteza kile kisiwa. Bwana Kipepe alianzia kwa Mzee Mbaruku. Akakalishwa kwenye kochi, akanywa chai, akaandika: kochi jekundu, la kifahari. Alipoinuka, Mzee alimsindikiza kwa maneno marefu ya kuagana, akimwulizia hali ya mama, ya baba na ya ng'ombe, na wakati huohuo vijana wanne walikwisha kulitoa kochi kwa mlango wa uani, limepita chini ya kamba za nguo, limeingia nyumba ya kinyozi. Vikombe vikafuata, bado vina joto.

Kwa Siwema likagoma. Chumba chake kilikuwa kidogo, na katikati imesimama cherehani.

"Shoga, itoke hii," alisema Somoe, akihema. "Iende jikoni kwangu."

"Cherehani yangu jikoni? Itaingia masizi."

"Tutaifunika kanga. Mgeni akikuta cherehani sebuleni si atadhani kaja kushonewa suruali? Mgeni haonyeshwi kazi, mwenzangu. Anaonyeshwa raha."

Siwema akacheka, akashika upande mmoja, Somoe akashika wa pili, wakaitoa pamoja. Wakaiweka jikoni kwa Somoe, wakaifunika kanga na juu yake wakapanga miiko na ungo. Bwana Kipepe alipobisha hodi, alikaribishwa sebule yenye kochi, saa, vikombe vya maua, na mwanamke anayetabasamu kama hana kazi yoyote duniani.

Akakaa. Akajigeuza kidogo, kama mtu aliyechomwa na kitu. Akatabasamu naye, akaandika.

*

Ada zilipotoka watu walikaa chini. Walikaa mikekani, kwa kuwa kochi lilikwisha kurudi kwa mwenyewe.

Mtaa mzima ulikuwa umekadiriwa kama mtaa wa mabwana. Kila nyumba ina kochi la kifahari, kila nyumba ina saa ya ukutani, kila nyumba ina seti ya vikombe vya maua. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio, lakini wahenga hawakuwahi kuilipia nguo hiyo kila mwezi, mvua na jua.

Kusema ukweli haikuwezekana, kwa maana sheria mpya ilikuwa na kosa liitwalo Kumhadaa Mgeni wa Serikali, na adhabu yake ilikuwa ni kufungwa pamoja na aliyekuazima. Kwa hiyo walilipa. Kinyozi aliuza kiti cha kunyolea ili alipie kochi. Mzee Mbaruku aliacha chai, akabaki na vikombe. Na Siwema alishona. Alishona sare za shule, mashuka, mapazia ya watu wasio na madirisha. Miguu yake ilikanyaga mpaka ikavimba, na cherehani ambayo Shirika halikuijua ikawa inalilipia bima kochi ambalo halikuwa lake.

Siku moja alimwendea Somoe.

"Shoga, hili jambo linanitisha. Kochi ni lako, na mimi nalilipia. Cherehani ni yangu, na haina bima. Ikipata la kupata, nitakula nini na wanangu?"

Somoe alimshika mkono.

"Siwema, mimi na wewe tumenyonyesheana watoto. Tukienda kusema leo tutafungwa sote, na watoto watabaki na nani? Nyamaza tu. Siku likitokea la kutokea, shahidi wako wa kwanza ni mimi. Nitasimama mbele ya mtu yeyote, niseme cherehani ilikuwa jikoni kwangu, niliifunika kwa kanga yangu mwenyewe."

Siwema akatulia. Ukiambiwa hivyo na mtu aliyemnyonyesha mwanao, unatulia.

*

Likatokea katika Wiki ya Nishati. Serikali ilikuwa imekata umeme nchi nzima ili ipate wa kutosha kwa hotuba ya ufunguzi, na hotuba ilipokwisha ukaachiwa wote kwa pamoja kama zawadi. Zawadi iliingia Mtaa wa Mshikamano saa nne asubuhi, ikapita kwenye waya wa nyumba ya Siwema, ikashika dari. Mwenyewe alikuwa sokoni kununua uzi. Watoto walikuwa shule, Mungu ashukuriwe.

Kwa siku hiyo nitausifu mtaa, na nausifu kwa moyo wangu wote. Walitoka na ndoo, na madishi, na zile sufuria ambazo Waziri alizihurumia. Somoe alikuwa wa mbele. Alivunja dirisha kwa mchi, akaingiza mkono motoni kuivuta ile cherehani, mkono ukaungua, akaendelea kuvuta mpaka Mzee Mbaruku alipomkamata kiunoni akamtoa. Gari la zimamoto lilifika baadaye. Maji halikuwa nayo, ila lilikuwa na bango kubwa lililoandikwa LALA UNONO, likapigwa picha mbele ya moshi.

Siwema alirudi na uzi wake mkononi. Alikuta kuta, na katikati ya kuta chuma kilichojikunja ambacho mtu asiyeijua cherehani asingejua kilikuwa nini.

*

Baraza la Fidia lilikaa kwenye ukumbi wenye viyoyozi vingi, kwa hoja kwamba watu waliounguliwa wanahitaji kupozwa. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Profesa Lubango, aliyepata uprofesa wake kwa kusimama vizuri uwanja wa ndege siku ya kumpokea Rais.

"Mama Siwema," alianza, uso umemchangamka, "Baraza lina furaha isiyo kifani kukutangazia kwamba kochi lako ni zima."

Makofi yakapigwa.

"Kochi, mheshimiwa?"

"Kochi jekundu la kifahari ulilolikatia bima. Wataalamu wetu wamelitafuta kwenye majivu wakalikosa. Wakalikuta nyumba ya jirani, halina hata doa la moshi. Hongera sana! Basi hakuna hasara, na pasipo hasara hapana fidia."

"Kochi si langu, mheshimiwa," alisema Siwema. "Ni la Bi Somoe. Tuliliazima kwa ajili ya mgeni, ndiyo desturi yetu. Kilichoungua ni cherehani yangu. Ndiyo inayonilisha."

Mwenyekiti akamgeukia Bwana Kipepe.

"Bwana Mkadiriaji, ulijua kwamba kochi ni moja?"

"Tangu nyumba ya pili, mheshimiwa. Lina springi inayochoma paja la kushoto. Nyumba zote zilinichoma palepale."

"Na hukusema?"

"Mimi ninakadiria, mheshimiwa. Sishangai. Kushangaa kuna idara yake."

"Jibu la kitaalamu," alisema Profesa. "Sasa, mama, sheria yetu ina huruma. Tupatie shahidi mmoja, jirani mmoja tu, aape kwamba cherehani hiyo ilikuwapo, na kwamba siku ya ukadiriaji ilifichwa. Baraza litakulipa cherehani mpya leo hii. Bila shaka shahidi huyo atakuwa amekiri kumhadaa Mgeni wa Serikali. Na bila shaka nyumba zote za mtaa zitakadiriwa upya, majikoni na chini ya vitanda, na ada zitapangwa upya kwa kadiri itakayoonekana."

Mzee Mbaruku alianza kuchunguza viatu vyake. Kinyozi alishikwa na kikohozi. Siwema hakumtazama hata mmoja wao. Alimtazama Somoe tu, na usoni hakuwa na wasiwasi wowote.

Somoe akasimama. Mkono wake ulikuwa bado na bandeji.

"Unaijua cherehani ya mama huyu?" aliulizwa.

Alimtazama shoga yake, kisha akayashusha macho.

"Cherehani, mheshimiwa... mimi sijawahi kuiona."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Profesa alifurahi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akavaa miwani, akawaangalia wale majirani waliojaa mabenchi mawili, na kwa mara ya kwanza akawaona. Wote walikuja na sare ya harusi ya binti yake Somoe, kitenge cha kijani, magauni na mashati, kwa sababu ndiyo nguo pekee ya kuingilia ofisini waliyokuwa nayo. Hakukuwa na mtu mwingine pale Mshikamano ajuaye kushona. Kila kola, kila pindo, kila kifungo kilitoka kwenye miguu ya Siwema.

"Lakini mmependeza jamani!" alisema Profesa. "Tazama mishono hiyo! Mmeshonewa wapi?"

Swali hilo halikuwa la kisheria. Hakuna aliyelazimika kulijibu. Angeweza kutabasamu tu, angeweza kuinamisha kichwa, Baraza lilikwisha kupata lilichotaka.

"Tulinunua dukani, mheshimiwa," alisema Somoe.

Na mtaa mzima ukaitikia kwa kichwa.

Nimeandika Habari Njema kwa miaka mingi. Nimeripoti madaraja yaliyozinduliwa bila mito, na mito iliyozinduliwa bila maji, na kalamu yangu haikusimama. Siku hiyo ilisimama. Serikali ikimsaliti mtu sishangai, ni kazi yake, ina bajeti yake na magari yake. Jirani anasaliti bure, amevaa nguo uliyomshonea, na akirudi nyumbani anapita mlangoni kwako kwa kuwa hana njia nyingine. Niliumia, na mhariri akitaka afute.

Hukumu ilikuwa fupi. Cherehani haikuwahi kuwapo. Kochi lipo, ni la Siwema kwa mujibu wa kumbukumbu za taifa, kwa hiyo hakuna aliyehadaiwa, na ataendelea kulilipia. Ada imepandishwa, kwa kuwa mwenye kochi sasa hana nyumba, na kochi la mtu asiye na nyumba liko hatarini zaidi. Jioni Waziri alitangaza redioni kwamba tangu bima ianze, nchi yetu haijapoteza hata kochi moja.

*

Kesho yake mchana Siwema aliwaacha wanawe kwa dada yake, akaenda kwa Somoe. Nilikuwa barazani kwa Mzee Mbaruku, mlango wa Somoe ulikuwa wazi, na nimekwisha kuwaambia jinsi nyumba za Mshikamano zilivyobanana.

"Hodi."

"Karibu, shoga. Karibu, karibu ndani." Somoe alimpisha mlangoni.

Siwema aliingia, akapita mkeka, akakaa kwenye kochi, katikati.

"Nikupikie chai?"

"Chai hupikiwa mgeni. Mimi nimekaa kwenye kochi langu."

"Siwema, usinifanyie hivyo. Wangenifunga. Nina watoto mimi."

"Nawajua. Nimewanyonyesha."

"Wangekuja mpaka jikoni, wangekadiria hata kinu. Ada ingetuua sote, mwenzangu, mtaa mzima. Ningefanyaje?"

Siwema akaupapasa mkono mpana wa kochi.

"Nilikuwa wa kwanza kuingia kwenye moto ule," alisema Somoe. "Waulize watu. Tazama mkono wangu!"

"Nimeutazama. Ndiyo maana pale mbele ya Baraza nilikuangalia wewe peke yako."

Somoe akashuka chini, akakaa mkekani, akaanza kulia. Lile gauni la kijani alikuwa hajalivua tangu jana. Alinyanyua bega kujifutia machozi, kwa kuwa mkono mmoja haukufaa kitu, na mshono wa begani ukaachia. Siwema aliuona kabla ya mwenyewe. Vidole vyake vilikwisha kufika kwenye ukosi wa gauni lake, pale ambapo mafundi wote huchomeka sindano, na sindano ilikuwapo.

Akaiacha palepale, akaushusha mkono.

"Begani pamefumuka," alisema. "Rudisha dukani."